Vigezo vikuu viwili, tathmini mbili: alfa tunaigawaje?

BintiWaTabata
Jumatano, saa 4 usiku

Habari za usiku wadau. Wakubwa zangu, shikamooni.

Mimi ni mtakwimu, mwaka wa pili kazini hapa Dar, na kwa mara ya kwanza nimeachiwa niandike mwenyewe sehemu ya takwimu ya protokali. Kabla haijaenda kwenye kamati ya maadili naomba mnisaidie, maana kuna jambo linaninyima usingizi na sitaki kuweka saini kwenye kitu ambacho moyoni nakitilia shaka.

Jaribio tunalopanga ni la wajawazito wenye upungufu wa damu. Kundi moja litaendelea na vidonge vya kuongeza damu kama ilivyo kawaida ya kliniki, jingine litawekewa dripu ya madini chuma mara moja. Vigezo vikuu ni viwili. Cha kwanza, mama akifika wiki ya 36 bado ana upungufu wa damu, yaani hemoglobini chini ya gramu 11 kwa desilita. Cha pili, mtoto kuzaliwa na uzito chini ya gramu 2,500. Halafu kuna kigezo cha ziada: mama kuongezewa damu wakati wa kujifungua au baada yake. Tumepanga tathmini moja ya kati na moja ya mwisho. Alfa, yaani nafasi ya kutangaza ushindi wa uongo tunayoikubali, ni 0.05 kwa jaribio zima. Matokeo ya kati yataonwa na kamati huru ya usalama peke yake, sisi hatutayagusa.

Jumanne tulikuwa na kikao. Mtafiti mkuu, daktari ninayemheshimu sana na aliyenifundisha mengi, alisema: "Vigezo vikuu tunavipa mipaka ya O'Brien na Fleming, hilo limekwisha. Cha ziada kiko ngazi ya chini. Vigezo vikuu vikivuka, mlango umefunguka, kipimwe kwa 0.05 nzima." (Mipaka hiyo hubana sana tathmini ya kati na kuiachia ya mwisho karibu alfa yote.) Wote mezani wakakubali. Na mimi nikakubali. Nikapanda daladala kurudi Tabata, na tulipofika Buguruni nikawa nimeshaanza kujiuliza: kama katikati tukikipima kigezo cha ziada kwa 0.05 kikashindwa, halafu mwisho tukakipima tena kwa 0.05, si tumekipa nafasi mbili za kubahatisha?

Usiku nikafungua R, programu ya takwimu. Nikatengeneza majaribio 10,000 ya kubuni ambamo dripu ina nguvu kubwa sana kwenye vigezo vikuu, ila haina athari yoyote kwenye kuongezewa damu. Vigezo vikuu vikawa vinavuka katikati karibu kila mara. Cha ziada nikakipima kwa 0.05, kikishindwa nakipima tena mwisho. Kilitakiwa kutoa ushindi wa uongo mara 5 kati ya 100. Kikatoa mara 8 na kitu. Nikadhani nimekosea msimbo, nikabadilisha namba ya kuanzia, nikarudia. Jibu likawa lile lile.

Je, nimekosea mimi, au kuna kosa kwenye mpango? Na kama ni mpango, nitaandika nini badala yake? Nina vigezo vingi na tathmini zaidi ya moja kwa pamoja, na vitabu nilivyo navyo kila kimoja kinazungumzia upande wake tu.


DaktariWaWodi
Alhamisi, saa 1 asubuhi

Pole na kazi dada. Nakuelewa, ila naomba nitoe mtazamo wa wodini. Njia ya ngazi inakubalika dunia nzima: unapima cha kwanza, kikifaulu unashuka kwa cha pili bila kugawa alfa. Sasa tukianza kukatakata 0.05 kwa kila kigezo na kila tathmini, mwisho tutahitaji wagonjwa wengi kiasi kwamba jaribio halitafanyika. 8 badala ya 5, tena kwenye kigezo cha ziada, mimi sioni kama ni ya kuzuia kazi. Akina mama wanaofika chumba cha kujifungulia na hemoglobini ya 6 ninawaona kila wiki. Nataka jibu lao lipatikane.


MtakwimuMstaafu_Upanga
Alhamisi, saa 5 asubuhi

Marahaba binti. Msimbo wako uko sawa. Hiyo 8 na kitu ni 8.3. Armitage, McPherson na Rowe waliipiga hesabu hiyo mwaka 1969: dawa haifanyi kitu, unaiangalia data mara mbili kwa vipindi vilivyo sawa, kila mara kwa 0.05, na utatangaza ushindi wa uongo mara 8.3 kati ya 100. Ukiangalia mara tatu inakuwa 10.7, mara tano 14.2, mara kumi 19.3. Jedwali hilo nililinakili kwa mkono nikiwa mwanafunzi. Karatasi bado ninayo kabatini, imeshakuwa ya manjano.

Kwa vijana wanaokuja nyumbani kujifunza huwa nawasimamisha mbele ya mita ya umeme ya LUKU. Alfa ni uniti. Umenunua 0.05 kwa jaribio zima, na hakuna pa kununua nyingine. Kila ukifungua data na kuuliza "imeshinda?", uniti zinashuka. Pocock, mwaka 1977, alipendekeza tutumie kwa usawa: kwa tathmini mbili, kila moja idai p (nafasi ya kupata matokeo kama hayo kwa bahati tu, dawa ikiwa haifanyi kitu) iliyo chini ya 0.0294. O'Brien na Fleming, mwaka 1979, wakaona tubane mchana ili usiku taa ziwake: katikati 0.0052, mwisho 0.0480. Mwaka 1983 Lan na DeMets wakatuondolea sharti la kufunga mapema idadi ya tathmini na saa zake. Unachagua mkunjo wa matumizi, yaani kanuni ya alfa kiasi gani itumike kufikia hatua gani, na kinachosomwa ni sehemu ya taarifa iliyokwisha kukusanywa. Kwa mkunjo wao unaofanana na O'Brien na Fleming, ukiangalia kwenye nusu ya taarifa, katikati ni 0.003 na mwisho 0.0490. Angalia vizuri hapo: 0.0052 na 0.003, zote watu huziita "O'Brien na Fleming". Nimeona protokali moja ikitaja namba ya huku na mpango wa uchambuzi ukitaja ya kule. Andika wazi unatumia ipi.

Lakini hayo yote ni ya nadharia tete moja, yaani swali moja la kupimwa. Wewe unazo tatu, na kila moja inataka mita yake. Mtafiti mkuu amekosea hapo tu, na ni kosa la watu wengi wenye akili nzuri. Ngazi inakukinga na wingi wa vigezo. Haikukingi na wingi wa tathmini. Mipaka uliyoiweka kwenye kigezo kikuu inakilinda kigezo kikuu peke yake, na cha ziada kimeachwa nje kwenye mvua. Hung, Wang na O'Neill waliliandika jambo hili mwaka 2007.

Tena msijifariji kwamba jaribio litasimama kigezo kikuu kikivuka, kwa hiyo cha ziada kitapimwa mara moja tu. Vigezo hivi ni ndugu. Mama ambaye damu imepanda si rahisi aongezewe damu. Siku sampuli imeangukia upande mzuri kwa bahati na kigezo kikuu kikavuka, cha ziada nacho kimebebwa na bahati hiyo hiyo. Hamkuchagua siku ya kukipima kwa kalenda. Siku hiyo imechaguliwa na ndugu yake. Kwa hiyo kosa linapanda hata hapo, na linapanda kiasi gani inategemea undugu wao na ukubwa wa athari kwenye kigezo kikuu.

Dawa yake ni nyepesi kuliko unavyodhani. Kigezo cha ziada kinabaki ngazi ya chini na 0.05 yake, ila hiyo 0.05 inagawanywa kwa tathmini mbili kwa mkunjo wake chenyewe, unaoandikwa sasa hivi. Tamhane, Mehta na Liu, mwaka 2010, walionyesha kwamba kikuu kikipewa O'Brien na Fleming, cha ziada mara nyingi kinapata nguvu zaidi (uwezekano wa kuiona athari ikiwa ipo) kikipewa Pocock. Sababu unaiona: mkivuka katikati mkasimama, mkunjo wa kubana utakidai kigezo cha ziada 0.003, yaani mlango umefunguliwa lakini nyuma yake kuna ukuta. Kwa Pocock kinadaiwa 0.0294, nacho kinaweza kupumua.

Kwa vigezo vikuu, muulize kwanza mtafiti mkuu, kabla hujagusa kompyuta: jaribio litahesabika limefaulu lini? Kama lazima vyote viwili vivuke, alfa haigawanywi kati yao. Kila kimoja kinapata 0.05 na mipaka yake ya tathmini. Gharama inakuja kwenye idadi ya washiriki, maana ukiwa na nguvu ya 90% kwa kila kimoja, na vikiwa havitegemeani, kuvipata vyote ni 81%. Kama kimoja kinatosha, hapo ndipo unagawa, tuseme 0.025 na 0.025, kisha kila 0.025 inagawanywa tena kwa tathmini. Katika majaribio mengi niliyoyapitia swali hilo halikuulizwa, na ndilo linaloamua kila kitu.

Dokta, na wewe nikujibu kwa heshima. Hao akina mama wa hemoglobini ya 6 ndio wananifanya niing'ang'anie 0.05. Zamani niliweka saini kwenye ripoti ambayo kigezo cha ziada kilipimwa hivi hivi, mlango umefunguka, 0.05 nzima. Kikatoka na p ya 0.04, tukakiweka kwenye muhtasari. Utafiti uliofuata haukukiona kabisa, lakini kabla ya hapo kuna vituo vilishabadilisha utaratibu kwa ajili ya sentensi ile moja. Sikuwahi kwenda kuwaambia. Ukitaka la wazi zaidi, chukua jaribio la ISIS-2 la mwaka 1988, wagonjwa 17,187 wenye shambulio la moyo. Aspirini iliokoa maisha bila ubishi. Watafiti wakawagawanya kwa nyota za kuzaliwa ili kuonyesha hatari ya kuuliza maswali mengi, na kwa waliozaliwa chini ya nyota ya Mapacha na ya Mizani aspirini ikaonekana kama inawadhuru kidogo. Data ni ile ile, nzuri na kubwa. Kilichozidi ni maswali.


BintiWaTabata
Ijumaa, saa 3 usiku

Mzee wangu, ahsante sana, nimeusoma ujumbe wako mara tatu. Nimemuuliza mtafiti mkuu leo mchana. Alinyamaza kidogo, akasema: kimoja kinatosha. Kwa hiyo tunagawa.

Nilipokaa kuhesabu nikakutana na jambo jingine. Nimekuwa nikisema "nusu ya safari" kana kwamba safari ni moja. Hemoglobini inapimwa wiki ya 36. Jumatatu nilikwenda kuangalia inavyofanyika: kidole kinachomwa, tone la kwanza linafutwa, jingine linavutwa na kale kakipande ka plastiki, na kabla hujamaliza kuandika jina la mama namba imetokea. Kigezo kimeshapatikana. Lakini uzito wa mtoto wa mama huyo huyo utapatikana wiki nne baadaye, akijifungua. Tunatarajia kuandikisha kila mtu kwa karibu miezi saba, kwa hiyo siku moja hiyo ya tathmini ya kati, hemoglobini itakuwa na 60% ya taarifa yake wakati uzito una 45% tu.

Nikatumia mkunjo wa Lan na DeMets wa kubana, 0.025 kwa kila kimoja. Hemoglobini katikati inadaiwa p chini ya 0.0025. Uzito unadaiwa 0.0004. Niliiona hiyo 0.0004 nikakata tamaa. Hakuna uzito utakaovuka hapo, hata dripu iwe nzuri namna gani. Ni sahihi kweli kila kigezo kiwe na sehemu yake ya taarifa, au natakiwa kulazimisha vyote visomwe kama nusu?


MtakwimuMstaafu_Upanga
Ijumaa, saa 4 usiku

Ni sahihi kabisa, na nimefurahi umeliona mwenyewe. Kila mita inasoma umeme wake. Ukilazimisha vyote viwe nusu, uzito utatumia uniti ambazo hazijastahili.

Ila umesahau kitu kimoja kinachokusaidia. Maurer na Bretz, mwaka 2013, walionyesha namna ya kuunganisha mita hizi. Kigezo kimoja kikivuka mpaka wake katika tathmini yoyote, kimemaliza kazi, na alfa yake yote inahamia kwa mwenzake. Hemoglobini ikishinda katikati, 0.025 yake inakwenda kwa uzito, uzito unakuwa na 0.05, na mipaka yake inahesabiwa upya kwa mkunjo ule ule, kwa sehemu ile ile ya 45%. Nimeipiga hapa: badala ya 0.0004 unadaiwa 0.0017, papo hapo katika kikao kile kile cha kamati. Na mwisho wa jaribio unadaiwa pungufu kidogo tu ya 0.05. Vyote viwili vikishavuka, 0.05 yote inashuka kwa kigezo cha ziada, na huko inakutana na mkunjo wa Pocock uliokwisha kuandikwa.

Masharti ni kwamba njia za kuhamishia ziandikwe kabla data haijafunguliwa, na tarehe ya tathmini isichaguliwe na mtu aliyeona matokeo. Tarehe ikisogea kwa sababu mvua za masika zimekata barabara au mashine ya hemoglobini imeharibika, hakuna tatizo, mkunjo utajirekebisha. Ikisogea kwa sababu mtu amechungulia akaona "imekaribia", hakuna fomyula itakayokuokoa. Kifurushi cha gsDesign au rpact kwenye R kitakupa mipaka yote. Hesabu kila kigezo peke yake kwa kila kiwango cha alfa kinachoweza kukifikia, weka jedwali dogo kwenye kiambatisho ili kamati isilazimike kupiga hesabu mezani.


DaktariWaWodi
Jumamosi, saa 2 asubuhi

Mzee shikamoo. Nimesoma, na nyota za Mapacha na Mizani zimenikalia kichwani tangu juzi. Nakubali kuhusu kigezo cha ziada. Lakini kuna kitu bado kinanisumbua, na nakiuliza kwa dhati. Hizi namba ndogo, 0.0004 na 0.0017, zinanitisha upande wa pili. Kama dripu ina madhara, kamati nayo isubiri mpaka p ifike huko? Nakumbuka jaribio la FEAST, la watoto wenye homa kali na dalili za mshtuko, Kenya, Uganda na hapa kwetu Muheza. Wengi wetu tuliamini kuwapa maji mengi ya mshipa kwa haraka kunaokoa. Kamati ikalisimamisha Januari 2011, watoto 3,141 wameshaingia kati ya 3,600 waliopangwa. Waliopewa maji kwa haraka, makundi mawili kwa aina mbili za maji, walikufa ndani ya saa 48 kwa 10.6% na 10.5%, wasiopewa 7.3%. Ingekuwaje kama kamati ingekaa inasubiri desimali?


MtakwimuMstaafu_Upanga
Jumamosi, saa 4 asubuhi

Marahaba Dokta. Mipaka tuliyoizungumzia ni ya kutangaza ushindi. Hakuna anayedai ushahidi wa 0.0004 ili kuacha kudhuru watu. Kamati ikisimamisha jaribio kwa sababu ya madhara, haijatangaza kwamba dripu inafaa, kwa hiyo haijatumia hata uniti moja ya alfa hiyo. Ndiyo maana upande wa madhara huwekewa mpaka wake, kwa kawaida mlegevu zaidi, na kamati inaachiwa busara yake. Hali ni hiyo hiyo kwa mpaka wa kusimamisha kwa kukosa matumaini: ukiandikwa kwamba kamati haifungwi nao, haukuongezei kosa la ushindi wa uongo.

FEAST ni mfano mzuri sana wa hilo. Swali lililofungua jaribio lilikuwa kama maji yanasaidia. Kamati haikuhitaji kuthibitisha kitu kwa wasomaji wa majarida ili kuwatoa watoto kwenye hatari.

Binti, hii iingie kwenye protokali kama aya yake peke yake, isichanganywe na jedwali la alfa.


MkungaTemeke
Jumamosi, saa 9 alasiri

Habari zenu. Mimi si mtu wa hesabu, ni mkunga, miaka 19 kliniki ya wajawazito na wodi ya wazazi. Nimefuatilia kwa sababu hao mnaowazungumzia ni wa kwangu.

Kuna kitu sijakielewa. Dada, umesema mtawaandikisha wote ndani ya miezi saba. Mnawachukua wakiwa wiki ya ngapi? Kama ni wiki ya 20, mama wa kwanza kabisa atajifungua karibu miezi mitano baadaye. Mpaka 45% ya watoto wazaliwe ni kama mwezi wa nane. Lakini mwezi wa saba mmeshamaliza kuandikisha, na dripu ni mara moja tu, maana yake wote wameshawekewa. Sasa hiyo tathmini ya kati, hata ikisema dripu ni nzuri sana au ni mbaya sana, inamsaidia mama gani?


BintiWaTabata
Jumamosi, saa 12 jioni

Dada mkunga, niliposoma swali lako nilikuwa kwenye foleni ya mwendokasi Kimara na nikatoka kwenye foleni nikakaa pembeni kuhesabu.

Uko sahihi. Tunawachukua kuanzia wiki ya 20. Mwezi wa saba tumemaliza. Hemoglobini inafika 60% karibu mwisho wa mwezi wa nane, uzito unafika 45% siku zile zile. Wiki nzima nimegawanya alfa kwa ajili ya kikao ambacho kingefanyika wakati kila mama ameshapata dripu yake au vidonge vyake. Nilikuwa naangalia sehemu ya taarifa tu, kalenda sikuiangalia.


MtakwimuMstaafu_Upanga
Jumamosi, saa 2 usiku

Na mimi sikuiangalia. Namba za 60 na 45 nilizisoma, nikahesabu mipaka, nikaridhika. Ahsante sana mama mkunga.

Wanaoweza kufaidika bado wapo: akina mama wa kundi la vidonge ambao siku hiyo hawajajifungua. Lakini dripu ya wiki chache kabla ya uchungu si ile mliyoipima, kwa hiyo faida hiyo ni nyembamba. Binti, sasa mna njia mbili za kweli. Mkiandikisha polepole, tuseme kwa mwaka na nusu, tathmini ya kati inakuwa na maana na kila tulichoandika hapa kinabaki. Mkibaki na miezi saba, futa tathmini ya kati ya ushindi. Kamati iendelee kuangalia usalama tangu dripu za kwanza, bila kupima ushindi. Hapo alfa yote inabaki kwa tathmini ya mwisho na kazi yako inakuwa fupi sana: kati ya vigezo vikuu viwili, chenye p ndogo kinapimwa kwa 0.025, kikivuka mwenzake anapimwa kwa 0.05. Hiyo ni njia ya Holm ya mwaka 1979. Vyote vikivuka, kigezo cha ziada kinapimwa kwa 0.05 nzima, na sasa maneno ya mtafiti mkuu yanakuwa sahihi neno kwa neno, kwa sababu kinapimwa mara moja tu, siku ambayo haikuchaguliwa na matokeo.


BintiWaTabata
Jumapili, saa 10 alasiri

Nimemwandikia mtafiti mkuu yote, na msimbo wa ile 8.3 nimemuambatanishia. Amejibu baada ya ibada. Amesema hakuwahi kulifikiria suala la kigezo cha ziada kwa upande wa tathmini, na anataka kuona hesabu ya miezi kabla ya kuchagua njia. Kila kitu sasa kinategemea kasi ya kuandikisha, na ile miezi saba tuliikadiria ofisini.

Dada mkunga, naomba nikusumbue tena. Kwa mwezi mnapokea wajawazito wapya wangapi walio chini ya wiki ya 24, na kati yao wangapi hemoglobini iko chini ya 11?


MkungaTemeke
Jumapili, saa 1 usiku

Wapya ni wengi, ila wanaokuja mapema hivyo si wengi kama mnavyofikiri huko ofisini. Wengi tunawaona tumbo limeshakuwa kubwa, na wengine wiki zao hazijulikani vizuri, tunakadiria kwa kupima kimo cha tumbo. Hemoglobini iko kwenye rejista, safu ya mwisho, lakini siku vifaa vikiisha safu hiyo inabaki tupu.

Njoo kesho saa moja na nusu, Jumatatu ndiyo siku ya wapya. Nitaomba ruhusa kwa mganga mfawidhi, tukae na rejista ya miezi sita iliyopita, tuhesabu mstari kwa mstari.